Utando wa mhogo na mwani: unachofaa kufunga na usichofaa

Kila Ramadhani, vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa hujaa meza za futari: bhajia, viazi karai, kaimati. Asubuhi yake hujaa nailoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Lakini nailoni inayofunga bidhaa moja kwa moja kiwandani iliachwa nje, ndiyo maana kachri za dukani bado zimo ndani ya plastiki. Mbadala mmoja unaozungumzwa sana ni utando wa mimea.

Utando huu hutengenezwaje? Wanga wa mhogo huchanganywa na maji na kupashwa moto. Chembe zake hunyonya maji, huvimba na kupasuka, ukawa uji mzito. Hutiwa glycerini kidogo ya kuulainisha. Bila hiyo, ukikauka huvunjika kama papadi. Kisha hutandazwa mwembamba ukauke.

Nilijaribu jikoni kwangu: kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vinne vya maji, na kijiko kidogo cha glycerini. Nikapakaza juu ya sinia. Baada ya siku mbili nikabandua karatasi laini inayopitisha mwanga. Nilifungia bhajia zilizopoa, mafuta hayakupenya. Nilifungia kaimati za shira. Kabla ya magharibi utando ulikuwa umelegea, unanata vidoleni.

Hiyo ndiyo tabia yake. Wanga huzuia mafuta na hewa vizuri, lakini maji huushinda. Hata unyevu wa masika hapa Pwani huulegeza. Kwa hivyo unafaa vyakula vikavu vya kuliwa karibuni, si mchuzi wala samaki mbichi.

Mwani nao una nafasi. Kibuyuni na Mkwiro, kaunti ya Kwale, akina mama huulima na kuuanika. Ndani yake mna karajinani, gundi ya asili inayoweza kugeuzwa utando. Kampuni ya Notpla ya London, inayotengeneza vifungashio vya mwani, ilipata tuzo ya Earthshot mwaka 2022. Sisi tunaouvuna tukiishia kuuza mkavu tu, faida kubwa itabaki kwa wengine.

Msomaji, usidanganywe na neno "inaoza". Plastiki ya PLA hutokana na mimea kama mahindi, lakini ili ioze upesi huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Ikitupwa baharini hukaa muda mrefu, na kasa hajui kama ilikuwa mahindi.

Kabla ya kununua vifungashio hivi, muulize muuzaji mambo matatu: vinaozea wapi na kwa muda gani? Vinastahimili unyevu? Vimetiwa nini? Swali la mwisho linatuhusu sana Waislamu, kwani glycerini hutoka kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na baadhi ya tando huwa na jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe.

Akikosa majibu, jani la mgomba bado lipo.