Kadi ya Sifa na Cheo cha Bwami

Vyuo vikuu vinapotoa tuzo kwa viongozi wanaochipukia, swali la kale hurejea: nani mwenye haki ya kumtambua kiongozi? Mwaka 1948 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika iliowahesabu kuwa wamestaarabika. Mwaka huo huo ilipiga marufuku bwami, chama cha vyeo cha Walega, ambacho Wabembe wa Fizi nao walikuwa nacho.

Mwenye bwami hakujipandisha mwenyewe. Jamaa walichangia mali, wakubwa wakaridhia, naye akafundishwa kwa methali na sanamu ndogo za pembe. (Kitenzi tuza nacho, katika ngoma za pwani, ni watazamaji kumpa mchezaji fedha mbele ya watu.) Kadi, kinyume chake, iliombwa kwa mtawala. Mwombaji alitakiwa kujua kusoma na kuandika, kutokuwa na wake wengi, na kuwa mbali na uchawi. Kwa uandikishwaji wa 1952, uliokuwa mgumu zaidi, wakaguzi waliingia hata nyumbani. Patrice Lumumba alikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Hadi 1958 walioandikishwa walikuwa mamia machache tu, katika nchi ya mamilioni.

Basi kamati ikitaka kumtunuku kijana wa Kazimia, isiishie kwenye barua yake ya maombi ya Kifaransa. Iwaulize wavuvi, kina mama wa sokoni na wazee wa ukoo, kwa Kibembe au kwa Kiswahili.