Shina Lililokunjwa: Historia ya Kulea Vanila

Vanila ni mmea wa jamii ya okidi usioweza kujibeba. Katika misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, shina lake la kijani, lenye maji mengi na unene wa kidole, hupanda juu ya mti mwingine kwa mizizi midogo inayochomoza kwenye kila fundo na kung'ang'ania gome. Likipata mti mrefu linaweza kufika mita 15 na kuzidi. Likiwa bado linapanda hutoa majani zaidi kuliko maua. Huchanua sana pale ncha inapokosa pa kushika ikaanza kuning'inia. Karibu ujuzi wote wa kulea vanila umetokana na tabia hiyo.

Watotonaki wa Papantla, katika jimbo la Veracruz, ndio wanaotajwa kuwa wakulima wake wa kwanza. Walichomeka pingili chini ya miti ya msitu uliopunguzwa kidogo, wakauacha mmea upande. Uchavushaji ulifanywa na nyuki wa huko, kwa hiyo urefu wa mmea haukumsumbua mtu ila siku ya kuvuna. Kwa karibu karne tatu baada ya Wahispania kufika, vanila iliyouzwa Ulaya ilitoka Meksiko.

Pingili zilizopelekwa nje ya nchi hiyo zilishika, zikachanua, lakini hazikuzaa. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Liège, Ubelgiji, alifaulu kupata maganda kwa kuchavusha maua kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo, ila njia yake haikuenea mashambani. Iliyoenea ni ile ya Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12 hivi katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont huko Sainte-Suzanne, kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mwaka 1841 alionyesha jinsi ya kuinua kwa kijiti chembamba ule utando unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha kuzibana pamoja kwa kidole gumba. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, ilhali kisiwa kikitajirika kwa ujuzi wake.

Masimulizi mengi huishia hapo, na hivyo husimulia nusu ya habari. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu na kunyauka siku hiyohiyo. Kijiti cha Edmond kina faida gani kwa ua lililo mita 10 juu ya mti? Ili mtu mmoja ayafikie maua elfu moja na zaidi kwa siku, bila ngazi, shina lilipaswa kuzuiwa lisipande. Ukuzaji wa vanila kibiashara ukawa kazi ya kukunja.

Kazi yenyewe huanza kwa pingili yenye urefu wa mita moja au zaidi. Haipandwi mbichi. Huanikwa kivulini kwa wiki moja au mbili mpaka ilegee na jeraha la mkato lipate kukauka, maana shina lililojaa maji hukatika kama tango na mkato mbichi huoza ukigusa udongo. Mafundo ya chini hulazwa juu ya ardhi chini ya majani makavu, na sehemu iliyobaki hufungwa kwenye mti kwa uzi laini wa mgomba au ukili. Waya haufai, kwani hukata ngozi. Shina likifika usawa wa kichwa cha mtu hubanduliwa taratibu kwenye gome, likapitishwa juu ya panda ya tawi na kuachwa literemke. Likikaribia ardhi hurudishwa juu. Miezi kadhaa kabla ya msimu wa maua, ncha ya shina linaloning'inia hukatwa. Ncha ikiondolewa, macho yaliyolala karibu na sehemu iliyokunjwa huamka, na kiangazi cha miezi miwili hivi huyasukuma yatoe maua badala ya matawi.

Mti wa kuegemea nao una masharti yake. Lazima uwe hai, kwa sababu nguzo kavu huoza kabla ya vanila kuzeeka, na lazima utoe kivuli chepesi. Uwe pia na panda za chini. Réunion walitumia mivinje na mikadi. Kwingine ulipendwa mgliricidia, ambao hushika upesi ukichomekwa na huvumilia kupogolewa kila mwaka.

Licha ya uangalifu wote, shina huvunjika, kwa upepo, kwa tawi lililoanguka au kwa mkono wenye haraka. Hapo tabia ya mmea humsaidia mkulima. Kila fundo lina mzizi wake, hivyo sehemu ya juu ya mvunjiko haifi mara moja. Mkulima husafisha mkato, hushusha sehemu hiyo mpaka mafundo mawili au matatu yaguse matandazo, naye hupata mmea unaojitegemea. Njia hiyohiyo hutumika ugonjwa wa kuvu aina ya Fusarium unapoozesha mizizi: shina zima la juu hushushwa lipate mizizi mipya mahali pengine kabla uozo haujalifikia. Si tiba, ni kukimbia ugonjwa.

Kutoka Réunion, iliyouza kilo 50 mwaka 1848 na takriban tani 200 mwaka 1898, zao na ujuzi wake vilienea Morisi, Shelisheli, Komoro na Madagaska. Uhusiano na pwani ya Afrika Mashariki ulikuwepo mapema: misheni ya Kikatoliki ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1860 na mapadre waliotoka Réunion, na kituo cha Bagamoyo kikafuata mwaka 1868. Enzi za Wajerumani vanila ililimwa Kitopeni, jirani na Bagamoyo. Katika bara, Mukono nchini Uganda na baadaye mkoa wa Kagera nchini Tanzania, vanila iliingizwa ndani ya mashamba ya migomba na kahawa, ikaegemezwa hasa kwenye mibono, ambayo wengi waliijua kama mti wa uzio.

Kimbunga Hudah kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ya dunia ilipanda mno, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki wakapanda vanila. Bei ilipoporomoka miaka michache baadaye, mashamba mengi yalitelekezwa. Vanila isiyokunjwa haikufa. Ilipanda mibono mpaka juu ikapita kimo cha mkono, na waliorudi bei ilipofufuka baada ya mwaka 2014 walilazimika kwanza kubandua mashina, kuyateremsha na kuyakata upya. Wengine leo wamehamia kwenye nyumba za wavu zenye nguzo za zege, ambako kupogoa kivuli hakuhitajiki. Kukunja kumebaki palepale, shina moja baada ya jingine, kwa mkono.