Unapanga kupanda Usambara? Mambo ya kujua kabla ya kulipa nauli

Kila likizo za shule zinapokaribia, ujumbe huwa mwingi kwenye simu ya studio. Safari hii kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kinauliza: "Tumechanga fedha za safari ya siku mbili. Tunataka kuona Amani na Lushoto mwezi wa nne. Inafaa?"

Jibu fupi ni hili: mwezi wa nne haufai, na Amani na Lushoto si safari moja. Jibu refu lipo hapa chini. Lisome taratibu, kisha mtumie na mwenzako.

Kwa nini kule mvua ni nyingi?

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukifika kwenye milima hulazimika kupanda, hewa hupoa, na ule unyevu hugeuka mawingu na mvua. Usambara Mashariki, iliyo karibu na bahari, ndiyo inayopokea kwanza. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kusema ni mkavu kabisa. Nyuma ya milima, upande wa Mkomazi, ardhi ni kame.

Kwa hiyo jua la Ngamiani asubuhi halikuambii lolote kuhusu mlimani. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Aprili ya mwaka mmoja tulikodi gari dogo, mimi, shangazi na watoto, kwenda Amani. Mjini kulikuwa kukavu. Tulipoanza kupanda baada ya Zigi, barabara ilikuwa tope tupu. Gari likateleza hadi ukingoni mwa bonde. Dereva akasema haendi mbele, na alikuwa sahihi. Tulirudi tukiwa wazima, lakini fedha ya gari haikurudi.

Uende lini?

Masika ni Machi hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Nafasi nzuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Ujue kwamba Juni hadi Agosti Lushoto huwa na baridi kali kwa mtu wa pwani, na ukungu wa asubuhi unaweza kuficha kila kitu hadi saa nne. Siku mbili kabla ya kuondoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Milima miwili, njia mbili

Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la mto Lwengera. Hakuna njia ya mkato ya kumfaa msafiri wa siku mbili.

Kwenda Amani: panda gari hadi Muheza, kisha gari la kwenda mlimani. Barabara ya kupanda ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi, hivyo ulizia hali yake kwanza.

Kwenda Lushoto: panda basi Kange, upite Segera, Korogwe na Mombo. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za lami yenye kona kali hadi Lushoto, kupitia Soni. Mvua kubwa inaponyesha, mawe na udongo huweza kuporomoka barabarani. Usisafiri kipande hiki usiku, na ukimwona dereva anakimbiza gari kwenye kona, mwambieni kwa pamoja apunguze.

Cha kuona na historia yake

Amani. Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Walijaribu miti kutoka pande nyingi za dunia, ukiwemo mkwinini unaotoa dawa ya malaria. Mingi ya miti hiyo bado imesimama. Katika misitu ya Usambara ndimo pia linamoota ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu dirishani. Jina lake limetokana na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga na aliyepeleka mbegu kwao miaka ya 1890.

Vuga. Si mbali na Soni. Hapa palikuwa makao ya wafalme Wakilindi. Masimulizi ya Wasambaa yanasema mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyependwa kwa kuwagawia watu nyama na kuua wanyama waharibifu wa mashamba. Mfalme Kimweri ye Nyumbai aliitawala nchi hii hadi alipofariki mwaka 1862, na mkono wake ulifika hadi pwani yetu. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Kwa Wasambaa, mvua ilikuwa jambo la utawala: mfalme mwenye nguvu aliaminiwa kuleta mvua na kuiponya nchi, na wafalme wakigombana, nchi huharibika. Ukifika, muone kwanza kiongozi wa kijiji. Usiingie maeneo ya makaburi wala kupiga picha bila ruhusa.

Irente. Ni mwamba ulio karibu na mji wa Lushoto. Chini yake unaiona tambarare ya Mazinde. Hapo ndipo Semboja, mtoto wa Kimweri, alipojiimarisha kando ya njia ya misafara baada ya baba yake kufariki. Washikeni watoto mikono. Mwamba ukilowa huteleza.

Lushoto mjini. Wajerumani waliupa jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikarahisisha safari ya kupanda huku.

Fedha na vitambulisho

Hifadhi za Amani na Magamba zipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna ada ya kuingia, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Ulizeni ada kabla ya safari, na mdai risiti. Patana na mwongozaji bei na muda kabla ya kuanza kutembea. Tengeni pia nauli ya siku moja ya ziada, msije mkalala stendi barabara ikifungwa.

Usisahau

• Sweta na soksi, hata kama unaondoka na jasho
• Koti la mvua. Mwavuli hausaidii penye upepo
• Viatu vyenye meno, si kandambili
• Dawa unazotumia kila siku
• Simu iliyojaa chaji, ndani ya kifungashio kisichoingiza maji

Kwa kina mama waliotuuliza: sogezeni safari hadi Juni shule zikifungwa, chagueni Lushoto, Vuga na Irente, na Amani iwe ya mwakani. Mkirudi salama, tupigieni mtusimulie.