Chumba Nacho Husema: Somo la Historia ya Sauti Nyumbani

Mwalimu, tafadhali andika miaka hii ubaoni: 1895, 1925, 1931, 1946, 1954, 1982. Tutaipitia mmoja mmoja.

Watu wengi siku hizi wana runinga, nao hupenda kutazama filamu nyumbani pamoja na jamaa zao, kana kwamba wako sinema. Lakini chumba chenyewe mara nyingi ni kigumu. Ni kirefu na chembamba, kuta zake ni za saruji, sakafu ni ya saruji, na juu ni bati tupu. Filamu ikianza, vishindo vinasikika sana, lakini maneno hayasikiki. Bibi anauliza, "Amesema nini?" Mjukuu hawezi kumjibu, kwa kuwa naye hakusikia. Basi mwenye nyumba anaweka akiba miezi mingi, ananunua spika kubwa zaidi. Vishindo vinazidi, na maneno yanazidi kupotea. Fedha imekwenda, na bibi bado anauliza.

Kwa nini imekuwa hivyo? Na tuiulize historia.

Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa masomo katika jumba la Fogg. Ulipendeza macho, lakini masikio yalitaabika. Sauti iliyotolewa humo ilikaa hewani zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufa. Fikiri, mwanafunzi: katika muda huo mwalimu amekwisha sema maneno mengine kumi, na yote yamechanganyika na lile la kwanza. Mkuu wa chuo, Charles Eliot, alimwita mwalimu kijana wa fizikia, jina lake Wallace Sabine, akamwagiza atafute dawa.

Sabine hakubomoa ukuta. Aliazima matakia ya viti katika ukumbi mwingine wa chuo, uitwao Sanders Theatre. Usiku, mji ulipokuwa umetulia, alipiga bomba la kinanda, akalinyamazisha, kisha akapima sauti imekawia muda gani. Akaweka matakia machache, akapima tena. Akaongeza mengine, akapima tena. Kila matakia yalipozidi, sauti ilikufa upesi zaidi. Alipima hata mazulia na nguo za watu. Na kipimo chake cha kulinganishia kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi tena.

Hivyo Sabine alipata kanuni ambayo hutumika mpaka leo: chumba kikiwa kikubwa, sauti hukawia zaidi, vitu laini vikiwa vingi, sauti hufa mapema. Kwa kanuni hiyo alisaidia kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, nayo husifiwa hata sasa kwa sauti yake njema. Mambo hayo makubwa yalianza na matakia ya kuazima. Kweli, akili ni mali.

Sasa tuje kwenye vyombo. Mwaka 1925, Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya kutengeneza spika yenye utando wa umbo la pia, unaosukumwa mbele na nyuma kwa nguvu za umeme. Spika nyingi za leo ni wajukuu wa ile.

Mwaka 1931, Mwingereza Alan Blumlein aliandikisha uvumbuzi wa sauti ya njia mbili, yaani stirio. Binadamu ana masikio mawili, na kwa hayo hujua sauti inatoka upande gani. Spika mbili zikiwekwa vizuri, sauti iliyo sawa katika zote mbili huonekana kutoka katikati, mahali ambapo hapana spika.

Mwaka 1946, Mmarekani Paul Klipsch alianza kuuza spika iliyotengenezwa ili isimame katika pembe ya chumba. Alijua kwamba kuta mbili na sakafu zikikutana huongeza nguvu ya sauti nzito. Kisha mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya kuuza spika ya sanduku dogo lililozibwa kabisa. Hewa ya ndani ilifanya kazi ya springi, na sanduku dogo likatoa sauti nzito iliyokuwa ikitaka kabati kubwa. Tangu hapo mwenye chumba kidogo hakulazimika kuwapisha spika watoto wake.

Mwaka 1982, kampuni ya Dolby ilileta nyumbani sauti ya kuzunguka, yenye spika za nyuma ya msikilizaji. Baadaye ikaongezwa spika ya katikati, ambayo kazi yake kubwa ni kuyachukua maneno ya wachezaji.

Haya, tutumie tuliyojifunza. Ingia chumbani kwako, piga makofi mara moja, usikilize. Ukisikia mlio unaotetema baada ya kofi, chumba kinasema pamoja na filamu. Kinyamazishe kwanza, ndipo ununue kitu.

Kwanza, tandika zulia nene kati yako na spika, na utundike mapazia mazito yenye mikunjo mingi. Hata godoro lililosimamishwa ukutani hufaa. Trei za mayai hazisaidii sana, nazo hushika moto upesi. Dirisha ukilifungua, utamfuata Sabine bila gharama, lakini mkumbuke jirani.

Pili, ikiwa chumba ni kirefu na chembamba, jaribu kuweka spika upande wa ukuta mfupi. Umbali kutoka kwako hadi spika moja uwe sawa na umbali hadi ya pili. Ziinue zilingane na masikio ya mtu aliyeketi.

Tatu, ukisikia mvumo mzito unaofunika maneno, ondoa spika pembeni. Pembe iliyomfaa Klipsch inaweza kukudhuru wewe, kwa kuwa spika yake ilifanyiwa pembe na yako haikufanyiwa. Sogeza na kiti chako pia, kisigusane na ukuta wa nyuma.

Nne, ikiwa fedha imebaki, na maneno bado hayasikiki, nunua spika ya katikati kabla ya zile za nyuma. Ndege wa kuruka nyuma ya kichwa chako anaweza kungoja. Maneno hayangoji.

Kisha mwite bibi aketi mahali pake pa kila siku. Yeye ndiye kipimo chako. Asipouliza tena, kazi imekwisha.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini wanafunzi wa Harvard hawakumsikia vizuri mwalimu wao?
2. Dirisha lililo wazi linafanana na takia kwa jambo gani?
3. Pima chumba chenu cha darasa kwa makofi, kikiwa kitupu na kikiwa na watu. Tofauti ni nini, na imetokana na nini?

Zungumzeni majibu pamoja kabla ya kuyaandika. Kwaherini.