Historia Iliyoitwa Msamiati

Mwaka 1965, mjini Elisabethville (Lubumbashi tangu 1966), André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya watumishi wenzake. Kichwa chake ni cha Kifaransa, nacho chaahidi msamiati. Ndani yake mna masimulizi ya Kiswahili cha mji.

Matini ya maarifa hutambuliwa kwa tarehe, majina na maelezo ya mambo yaliyotokea. Hayo yote Yav anayo. Tahajia yake, hata hivyo, haifuati kanuni za shule, wala maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, alionyesha kwamba maana hudhihirika matini inaposomwa kwa sauti.

Atakayeipima kwa vigezo vya kitabu cha shule ataitupa, na pamoja nayo ushahidi wa waliopika na kufua katika nyumba za mabwana. Hasara hiyo ni kubwa Katanga, kuanzia Lubumbashi hadi Kambove, ambako Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliandika mengi kuliko wafanyakazi wake. Basi msomaji asiulize tu matini yafananaje. Aulize pia ni nani anayeeleza, na anamweleza nani.