Maisha ya Tippu Tip na Sura Yake ya Berlin

Mwaka 1971 Wamarekani waliichukua komedi ya televisheni ya Waingereza, Till Death Us Do Part, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1965, wakaitengeneza upya na kuiita All in the Family. Alf Garnett, mzee mbishi wa mtaa wa makabwela wa London, akageuka Archie Bunker wa Queens, New York. Mke yupo, binti yupo, na mkwe wa kubishana naye pia yupo. Hata hivyo wanaozilinganisha wanasema Archie ni mpole kuliko Alf. Basi huuliza: kichekesho kikivuka bahari, nini hufika na nini huanguka majini?

Swali hilo tunaweza kuliuliza hapa kwetu bila televisheni yoyote, tukitumia kitabu kilichotokana na njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Wengi wetu hukisoma kama historia tu: pembe, vita, majina ya watemi. Naomba msomaji akisome pia kama kitabu cha mtu mcheshi, kisha tuone Wazungu walikifanya nini.

Ucheshi wenyewe una asili yake, na asili hiyo iko Tabora. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa pale, akamwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Sidhani kama ilikuwa ndoa ya mapenzi matupu. Ilimpa mzee sauti katika mambo ya ikulu, na baada ya Fundikira kufariki, mrithi wake Mnywa Sere alipogombana na Waarabu juu ya kodi, mzee alikuwa upande ulioshinda. Mnywa Sere aling'olewa, akawekwa Mkasiwa. Tippu Tip alichukuliwa bara na baba yake akiwa na miaka kama 18. Huu ndio mji aliofundishwa kazi: mji wa kukopa, kuhesabu frasila, kusubiri wapagazi na, zaidi ya yote, kusema. Ulimi ulikuwa mtaji sawa na shanga na nguo za merikani.

Hebu tuangalie namna alivyoutumia. Akiwa mbali huko Kongo alisikia habari za mtemi mzee wa Utetela, Kasongo Rushie, ambaye ndugu zake wa kike walitekwa zamani sana. Jamaa akakusanya majina na habari zote, halafu akajitokeza kama mjukuu wa mmoja wa wale waliopotea: eti babu yake, Habib bin Bushir, alimnunua bibi huyo, ndiye aliyeizaa mbari yao. Mtemi akafurahi, akampa utawala, na pembe zikafuata. Mtu kujifanya ndugu aliyepotea! Komedi ngapi za televisheni zimesimama juu ya uongo wa namna hiyo?

Halafu kuna kukutana kwake na Stanley kule Manyema, Oktoba 1876. Mzungu anajigamba kwamba ana bunduki ya kutoa risasi 15 kwa mfululizo. Tippu Tip anamjibu, bila kutikisika, kwamba kuna mto fulani wenye upinde unaofyatua mishale 20 kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu. Stanley anatoka nje, anapiga risasi zake, anarudi kuketi barazani. Sasa mcheshi wetu ndiye anayeshangaa. Uzuri wa kisa hiki ni kwamba mzee anajicheka mwenyewe: alidhani anamjibu mwongo kwa uongo, kumbe mwenzake alikuwa mkweli.

Stanley alishaandika upande wake katika Through the Dark Continent, mwaka 1878. Kwake kichekesho kipo kwingine kabisa: yeye na Frank Pocock wanarusha sarafu kuamua kama waufuate mto Lualaba au waende kusini Katanga. Sarafu inasema kusini, na inazidi kusema kusini, nao wanaufuata mto. Tippu Tip hakuwepo pale, kwa hiyo kwake sarafu haipo. Hata ujira hawakubaliani. Kwa Stanley ni reale 5,000. Kwa Tippu Tip Mzungu alimwahidi 7,000, naye akamwonyesha shehena yake ya pembe ili ajue kwamba fedha kama hizo si za kumtoa mtu nyumbani. Mwandishi mmoja anasema alimwajiri mtu, mwingine anasema alimfanyia hisani.

Sasa tuje Berlin. Mzee alipokuwa amestaafu Unguja, Heinrich Brode wa ubalozi mdogo wa Ujerumani alimshawishi aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akayahamishia katika herufi za Kirumi, akayatafsiri, akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo hata hiyo tunayoiita asili imetufikia kupitia mkono wa yule aliyeitengeneza upya, na mhakiki anayezungumzia asili safi kabisa ajihadhari.

Mwaka 1905 Brode alitoa kitabu chake mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipobadilika kweli. Nafsi ya kwanza ikawa nafsi ya tatu. Mtu ataona ni jambo dogo la sarufi, lakini ucheshi wa Maisha umo humo humo: nikamwambia, akaniambia, nikanyamaza, akaondoka. Hiyo -ka- inatembea kama msafara, haisimami kueleza, na msimulizi anatukonyeza bila kusema kwamba anatukonyeza. Ukishaandika "yeye alimwambia", anayekonyeza hayupo tena. Kunabaki Mwarabu mjanja anayetazamwa kwa mbali na afisa wa kigeni. Uongo wa Utetela ukawa ushahidi wa tabia yake. Na kichwa cha kitabu kikamaliza kazi: kwa Kijerumani ni picha ya maisha ya dikteta wa Afrika ya kati, kama alivyoyaeleza mwenyewe. Mwenyewe hakujieleza hivyo hata kidogo! Kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1907, neno hilo la udikteta lilikuwa limeondolewa kichwani, pakawekwa habari za kazi yake tu. London ikawa na Archie wake.

Mpaka hapa ningekuwa upande wa Maisha bila masharti. Lakini upo ukurasa mwingine wenye -ka- zile zile. Wapagazi wake wa Kizaramo walimtoroka. Akawafuata mpaka kwao, akashika watu 800, akawatia minyororo, wakabeba. Watu wakampa jina la Kingugwa, chui, kwa kuwa chui hachagui wa kumrarua. Anasimulia kwa mwendo ule ule wa kisa cha bunduki, na kwa raha ile ile. Mimi nikifika hapo huacha kucheka. Wale 800 hawana zamu ya kusema "nikamwambia". Ni idadi tu, kama frasila. Katika ukurasa huo neno la Brode si la kumsingizia.

Shida ni nani alilitamka, na lini. Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905. Mwezi uliofuata, kwenye vilima vya Umatumbi, kusini tu ya Rufiji, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kitabu cha dikteta wa Afrika ya kati kilitoka Berlin mwaka huo huo.