Haya Isiyokuwa Mahali Pake



Haya ni pambo la Muislamu, lakini kila pambo lina mahali pake. Yuko mtu huona damu chooni akanyamaza mwezi, akanyamaza mwaka, kwa kuona aibu kumwambia hata mkewe. Siku anapopelekwa kwa daktari, saratani imekwisha kuenea. Basi sikiliza vipi wenzetu walivyopambana na jambo hili.

Huko Japani, saratani ya tumbo ilikuwa ikiua watu wengi kuliko saratani zote nyengine. Mwaka 1950 daktari Tatsuro Uji na mafundi wa kampuni ya Olympus walitengeneza kamera ndogo ya kumezwa, iliyo kwenye ncha ya mpira, ikapiga picha ndani ya tumbo. Lakini kamera iliyoko hospitali haimfikii mvuvi wala mkulima. Kwa hivyo mwaka 1960, katika jimbo la Miyagi, magari yenye eksirei yalianza kuwaendea watu walipo. Mtu asiyeumwa na lolote hunywa maji mazito meupe ya bariamu, akapigwa picha. Tazama hekima hiyo: hawakumngojea mgonjwa aje, walimwendea mzima. Mwaka 1983 uchunguzi huo ulienezwa nchi nzima, kwa wenye miaka 40 na zaidi. Korea Kusini nayo ikaanza mwaka 1999.

Ama Ulaya na Marekani, utumbo mpana huwataabisha kuliko tumbo. Saratani yake mara nyingi huanza kwa kinyama kidogo kisichouma, kikakaa miaka mingi, na pengine kikatoa damu isiyoonekana kwa macho. Madaktari wakaitafuta damu hiyo katika choo. Katika jimbo la Minnesota walifuatwa watu 46,551, na majibu yakatoka mwaka 1993: kwa waliotakiwa kupima kila mwaka, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa thuluthi. Anayekutwa na damu huingizwa mpira wa kamera kwa nyuma, na kinyama kikionekana hukatwa papo hapo bila ya kupasuliwa tumbo. Uingereza, tangu mwaka 2006, kipimo hupelekwa kwa posta. Mtu hujichukulia choo chake nyumbani akakirejesha. Na hata huko si wote wanaorejesha. Aibu haina taifa.

Sasa jiulize, ndugu yangu. Vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa tohara. Mtoto wa chuoni hufunzwa habari za choo na kustanji mbele ya wenzake, wala hatuoni aibu, kwa kuwa ni ilimu. Na wanavyuoni wamemruhusu tabibu kuangalia uchi kwa kadiri ya haja. Basi haya ya kumficha daktari tumeitoa wapi?

Damu si hukumu ya kifo; huenda ikawa bawasiri tu. Lakini hayo aseme daktari baada ya kukupima, usijisemee wewe. Ukiiona, nenda. Na mzee wako akinyamaza, muulize kwa adabu, kabla hujachelewa.